Mgeni wa Mazoezi

Tulimwacha Mama Semina mlangoni mwa banda, mdomo wazi, wanaume wawili mbele yake. Mmoja ni mgeni wa mazoezi. Mwingine asubuhi nzima amefundishwa kazi isiyo yake.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, usihangaike kumwomba jirani, keshalifungia karanga. Habari yenyewe ni fupi. Mama Semina ni mkurugenzi wa shirika dogo lenye bango kubwa. Bango linasema shirika linasaidia mazingira, jamii na biashara ndogondogo. Chini ya bango hilo kuna banda, na ndani ya banda kuna kikundi cha akina mama wanaotengeneza mkaa kwa takataka: chenga za mkaa, unga wa mbao na maganda makavu, vikishikanishwa kwa uji wa muhogo. Kesho mfadhili anakuja kukagua. Akiridhika, shirika litaendelea kulipa pango. Asiporidhika, banda linarudi kwa mwenyewe, mvua zinaanza, na mkaa mbichi haujawahi kukaukia kwenye matope.

Kama ilivyo kawaida ya shirika, kabla ya kila mgeni mkubwa hufanyika mazoezi. Anatafutwa mtu wa kujifanya mgeni, anazungushwa, anaonyeshwa mahali pa kushangaa na mahali pa kuguswa moyo, ili siku yenyewe akina mama wasibabaike. Safari hii mumewe Mama Semina aliahidi kumtuma rafiki yake. Asubuhi akatokea mwanamume mkimya mwenye viatu vya vumbi, ameshuka kwenye pikipiki. Mama Semina hakumuuliza jina. Alimpa glasi ya maji, akaanza kumwendesha.

Na sasa amesimama mlangoni huyu wa pili, suti ya rangi ya damu ya mzee, manukato ya kutosha ukumbi mzima.

"Shemeji, samahani kwa kuchelewa," alisema. "Jana nilisherehesha harusi ya watu wasiojua kwao. Mimi ndiye mgeni wenu. Nisimame wapi?"

Mama Semina aligeuza shingo polepole.

Yule wa kwanza alikuwa bado juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, alikowekwa kwa sababu picha hutoka vizuri mgeni akiwa juu kidogo. Glasi alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, kama alivyoagizwa, ili wa kulia ubaki huru kwa kusalimia. Alikuwa amenyooka vizuri. Mwanafunzi msikivu kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwa Mama Semina.

Yote aliyomwambia yalianza kumrudia, moja baada ya jingine, kama nzi. Kwamba kikaushio cha jua kilicholetwa kwa sherehe hakijawahi kukausha kitu isipokuwa soksi za Bwana Miradi. Kwamba mti wa langoni uliopandwa na mgeni wa mwaka jana uliliwa na mbuzi, na huu wa sasa umesimama ndani ya ndoo iliyofukiwa, kwa hiyo usiutikise. Kwamba akifika kwenye uchanja wa kuanikia mkaa atulie kidogo, ashike kidevu, aseme "hili limenigusa."

Mpaka ufunguo wa banda aliuvua shingoni mwake akampa, afungue kufuli kwa madaha huku akina mama wakipiga makofi. Alimrudisha akafungue tena. "Baba, usifungue kama mwenye nyumba," alimkaripia. "Fungua kama mtu aliyeheshimiwa."

"Samahani, mama," yule mkimya alisema sasa, kutoka juu ya kopo. "Naomba niseme jambo."

Alikuwa amelisema hilo tangu alipofika, na kila mara alijibiwa kwamba mgeni hazungumzi kabla hajakaribishwa.

"Utasema, mheshimiwa," alijibu Mama Semina. Asubuhi yote alikuwa akimwita "wewe baba." "Utasema kila kitu. Pumzika kwanza. Shuka hapo, tafadhali. Nani kamweka mheshimiwa kwenye kopo?"

Akina mama walitazamana. Mmoja alianza kunyoosha kidole, mwenzake akakishusha.

Mama Semina alimvuta Bwana Miradi nyuma ya mapipa. Bwana Miradi ni ofisa wa miradi, mtu wa kizibao chenye mifuko mingi ambacho hakijawahi kubeba kitu zaidi ya kalamu.

"Ni yeye," Bwana Miradi alinong'ona. "Wa kweli. Wamekuja siku moja kabla ili watukamate."

"Amekuja na pikipiki."

"Mazingira, bosi. Siku hizi wanahesabu mpaka moshi wa gari lao."

"Na wewe ulikuwa wapi nikimwambia habari za soksi zako?"

"Nilikuwa nakukonyeza."

"Nilidhani una vumbi jichoni."

Mama Semina aliwahi kuendesha semina ya siku tatu juu ya kukabiliana na dharura. Watu walitoka na vyeti. Alijaribu sana kukumbuka alifundisha nini, akakumbuka mapumziko ya chai tu.

"Huyu wa suti tumfanyeje?" aliuliza Bwana Miradi.

"Tumfukuze."

"Ameshaanza kusalimia watu."

Kweli. Mshereheshaji alikuwa akipita kwenye mstari wa akina mama, anapeana mikono, anauliza watoto hawajambo, anamsifia kila mtu kitambaa chake cha kichwa. Ni mtu ambaye ukimpa mlango anaufanya jukwaa. Mama Semina alimfuata, akamshika mkono wa suti, akamwambia sikioni huku akitabasamu kwa ajili ya mheshimiwa.

"Wewe si mgeni tena."

"Shemeji, nimeacha harusi nyingine."

"Mgeni wa kweli ameshafika. Ni yule pale. Wewe sasa ni mnunuzi. Umetoka shule ya bweni, unataka mkaa. Sema kidogo, nenda zako."

Kumwambia mshereheshaji aseme kidogo ni kumwambia mtoto aliyeshika peremende aitazame tu. Mama Semina ana watoto wanne na bado alilisema.

"Mabibi na mabwana," mshereheshaji alipaza sauti. "Mimi ni mnunuzi. Natoka shule kubwa ya bweni, kubwa sana, na nimekuja kununua mkaa wote mnaouona hapa na ule ambao bado hamjautengeneza. Makofi kwa akina mama, tafadhali."

Akina mama walipiga makofi. Walikuwa wamefundishwa kupiga kila wakiambiwa, na lilikuwa somo pekee la shirika ambalo hakuna aliyelikosa.

Mheshimiwa naye alipiga. Kisha akauliza kwa upole, "Hiyo shule inapikia majiko mangapi?"

"Majiko?" Mshereheshaji alishika tai yake. "Mengi. Kila mwanafunzi na lake."

Kicheko kilitoka pembeni, kwenye mashine ya kushindilia mkaa. Kilikuwa cha mwenyekiti wa kikundi, ambaye pia ni wifi yake Mama Semina, dada wa mumewe. Alichaguliwa kwa kura halali. Kila mtu analijua hilo, na kila mtu anasema mengine.

"Mnunuzi," wifi alisema. "Huyu alisherehesha harusi yangu, akamtaja mume wangu kwa jina la yule aliyeniacha. Ukumbi mzima. Leo ni mnunuzi."

"Mama, niliomba radhi kwenye kipaza sauti."

"Uliomba radhi kwa yule aliyeniacha."

Hapo hata Bwana Miradi alicheka, akajifanya anakohoa. Mama Semina akafanya kile anachokifanya kila akikwama tangu aanze kazi hii: alipaza sauti na kutumia maneno marefu.

"Mheshimiwa, unachokishuhudia ni mbinu shirikishi. Tunaigiza changamoto za soko ili walengwa wajifunze kwa vitendo."

"Nani walengwa?" aliuliza mheshimiwa.

"Sisi," wifi alijibu. "Tunalengwa tangu mwaka juzi."

Mheshimiwa alitazama meza iliyotandikwa kitambaa cheupe katikati ya banda. Juu yake vipande vya mkaa vilikuwa vimepangwa duara, vyeusi, laini, vinang'aa kiasi kwamba ungeweza kuchania nywele mbele yake.

"Mkaa huu unawaka?" aliuliza.

"Unawaka bila moshi, mheshimiwa, bila harufu, na unakaa moto muda mrefu kuliko mkaa wa miti," Mama Semina alijibu haraka. Hilo lilikuwa kweli, na alifurahi kupata kitu cha kweli cha kusema.

"Basi tuwashe. Nichemshie maji nione."

Lilikuwa ombi dogo la mtu mwenye akili. Katika ziara zote za wageni hakuna aliyewahi kuliomba. Wageni huona mkaa, hupiga nao picha, hunawa mikono. Akina mama walishangaa kiasi kwamba jiko lilitafutwa kwanza, maana jiko halikuwa sehemu ya mazoezi.

Bwana Miradi alibadilika rangi.

"Bosi," alinong'ona. "Ule wa mezani."

"Ule wa mezani una nini?"

Kisha akakumbuka una nini. Jana, kwa ajili ya picha, Mama Semina alikuwa ameona mkaa wa kikundi umepauka na una nyufa. Kwa mkono wake mwenyewe alichukua kopo la dawa ya viatu, ile nyeusi ya shule ya watoto wake, akampa Bwana Miradi apake kipande kimoja kimoja na kung'arisha kwa kitambaa. Leo asubuhi watoto wanne walikwenda shule na viatu vya kijivu. Ule mkaa mwingine, wenye nyufa, aliamuru urundikwe nyuma ya mapipa na kufunikwa gunia, usije ukaonwa na mtu.

"Mheshimiwa, huu wa mezani ni wa maonyesho tu," alianza.

Mheshimiwa alikuwa ameshauchukua mwenyewe, vipande sita vizuri kuliko vyote, akavipanga jikoni kama mtu aliyezoea moto. Akawasha.

Mwanzoni hapakutokea kitu. Kisha moto ulipanda kwa mkupuo, mrefu, wa rangi ya machungwa, na nyuma yake ukaja moshi. Ulikuwa moshi mweusi, mzito, wenye harufu ya darasa la kwanza siku ya kufungua shule. Ulijaa banda kuanzia juu kushuka chini. Kitambaa cheupe kikawa cheupe zamani. Mshereheshaji alijifunika pua kwa tai akatoka mbio mpaka langoni. Bwana Miradi alijaribu kupepea kwa bango la shirika na akauchochea.

"Bila moshi," wifi alisema kutoka ndani ya wingu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Bila harufu."

Mama Semina alisimama machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza alishukuru kwamba kulikuwa na moshi wa kuyasingizia. Ilikuwa imekwisha. Banda limeondoka. Akina mama kumi na kitu wangerudi kutengenezea mkaa barazani kwa watu, na mwenye kosa alikuwa yeye mwenyewe, aliyevaa fulana iliyoandikwa "Tunajenga Uwezo."

Wifi alipita mbele yake bila kumtazama. Alikwenda nyuma ya mapipa, akaondoa gunia, akajaza upindo wa kanga yake ule mkaa wenye nyufa. Alivuta jiko jingine hadi mlangoni penye hewa, akawasha, akabandika birika la chai, akakaa kwenye kopo la rangi kusubiri, miguu kaitanua kama mtu aliye jikoni kwake.

Moshi wa dawa ya viatu ulipoanza kupungua, watu waliliona jiko la pili. Lilikuwa jekundu kutoka chini mpaka juu, limetulia, halitoi hata uzi wa moshi. Birika lilikuwa linarusha kifuniko.

"Huu ndio tunaoupikia nyumbani," wifi alimwambia mheshimiwa, akimimina chai. "Ule wa mezani ni wa wifi yangu."

Mheshimiwa alipokea kikombe. Alichuchumaa mbele ya jiko, akasogeza kiganja karibu na moto, juu, kisha pembeni. Aliokota kipande kilichobaki, akakivunja, akakinusa. Hakushika kidevu wala hakusema kimemgusa. Alikunywa chai yote, polepole, banda zima likimtazama koo.

"Mama," alisema hatimaye. "Sasa naweza kusema?"

"Sema, mheshimiwa," Mama Semina alijibu kwa sauti iliyokwisha.

"Mimi si mheshimiwa. Wala si mfadhili. Simjui huyo mnayemngoja."

Furaha iliyompanda Mama Semina haina mfano. Si mfadhili. Basi soksi hazijasemwa, mti haujasemwa, moshi haukuonwa na mtu wa maana. Karibu amkumbatie. Alikuwa tayari ameanza kupanga kichwani jinsi ya kutoa harufu ile banda zima kabla ya kesho, pilipili au limau.

"Mimi ni mwoka mikate," mwanamume aliendelea. "Hiki kiwanja nimekinunua wiki iliyopita, pamoja na banda. Nilikuja kuwaambia mhame. Mafundi wa tanuri wanaanza Jumatatu."

Furaha ilishuka kwa njia ileile iliyopandia.

"Ungesema," Mama Semina alinong'ona.

"Nilijaribu nikiwa bado kwenye kopo."

Hakuna aliyecheka, hata wifi. Mama mmoja aliketi juu ya gunia la unga wa mbao.

"Ngojeni," mwoka mikate alisema. "Tanuri nilikuwa niliwashe kwa kuni. Kuni ziko mbali, na kila siku ziko mbali zaidi. Huu mkaa mbaya wa sura wa huyu mama unashika moto sawasawa, juu na pembeni, na ndicho mkate unachokitaka. Tanuri naweza kulijenga upande ule. Banda likabaki kwenu. Mkaa nitanunua kila siku, mvua isimame isisimame."

Akina mama walianza kuinua mikono kupiga makofi, bila kuambiwa na mtu.

"Lakini nitafanya kazi na wanaouchoma," aliongeza, na hakumtazama Mama Semina, jambo lililokuwa baya kuliko kumtazama. "Si na wanaoupaka dawa ya viatu. Sitaki bango mlangoni kwangu. Sitaki semina. Sitaki mtu wa kunionyesha mahali pa kushangaa. Kikundi kikitaka, tunakubaliana leo, mimi na wao. Shirika likapumzike."

Sasa, katika kila semina aliyowahi kuifunga, Mama Semina alimaliza kwa sentensi moja, mkono kifuani: "Lengo letu ni kwamba siku moja msituhitaji." Ilikuwa inapata makofi mazuri. Aliipenda. Aliichapisha mpaka kwenye vikombe. Ila katika picha yake, siku hiyo ilikuwa mbali, yeye kaketi mbele ana mvi za heshima, na mtu anamvisha shada. Hakuiona ikija siku ya kawaida, masizi puani, na mfadhili wa kesho njiani kuja kukagua kikundi kinachosaidiwa, wakati kikundi chenyewe kimeshasaidika.

Bila kikundi hakuna ripoti. Bila ripoti hakuna shirika. Na bila shirika, mwanamke mwenye diploma, watoto wanne na mume anayetuma washereheshaji, anakula nini?

"Wifi," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Mtafanyaje?"

Wifi alikuwa bado kwenye kopo. Alimtazama mke wa kaka yake: fulana, masizi, viatu vyeusi vinavyong'aa. Vyake peke yake ndivyo vilivyopata dawa kabla kopo halijaisha.

"Dawa ulimaliza kwenye mkaa," wifi alisema taratibu, "watoto wakaenda shule hivyohivyo. Kwa ajili yetu au kwa ajili ya picha?"

Mama Semina alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo refu sana. Akaufunga.

Honi ililia langoni. Ikalia tena. Kupitia moshi uliobaki lilionekana gari jeupe, refu, safi, lenye bendera ndogo mbele, gari lililotakiwa kufika kesho. Bwana Miradi alitoa sauti kama birika.

Mlango wa gari ulifunguliwa. Akashuka mama wa makamo mwenye miwani, akatazama bango, akautazama mti, akauegemea. Mti ulilala chini na ndoo yake.

Kisha ikasikika sauti ya mshereheshaji, aliyekuwa bado langoni anatafuta hewa.

"Karibu, mama. Na wewe ni mgeni wa mazoezi? Foleni inaanzia kwangu."

Ndani ya banda, wifi alisimama. Alijifuta mikono kwenye kanga, akapita katikati ya mwoka mikate na Bwana Miradi, akasimama mbele ya Mama Semina na kukinga kiganja.

"Ufunguo wa banda," alisema. "Umekaa shingoni kwako siku zote. Nipe, wifi. Kabla huyo mama hajaingia."

Mama Semina alipeleka mkono kifuani. Kifua kilikuwa kitupu.

Mwoka mikate alikohoa kidogo. Alitia mkono mfukoni, akautoa ufunguo ukining'inia kwenye kamba yake, akauinua juu ili wote wauone. Nje, hatua za viatu vya ngozi zilikuwa zinakuja juu ya kokoto.

"Niliambiwa nikae nao nizoee," alisema. "Haya. Nimpe nani?"